Bando Lililovuka Mto Kabla Yangu

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na wiki tatu duniani na bado hakuwa na jina. Ndiyo sababu iliyonitoa nyumbani Kibomet nikiwa na begi moja, shali ya mtoto na simu iliyochajiwa mpaka ikajaa.

Jina la kanisa alikuwa nalo, Joshua, na Jumapili angebatizwa. Lililokosekana ni jina la nyumbani. Kwetu mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, mkubwa wa familia humwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Tunasali, tunabatiza, na majina tunaita vilevile. Huyu wa kaka yangu Wafula alikuwa analia toka azaliwe. Kliniki walimpima wakasema ni mzima, ana mapafu mazuri tu.

Mwenye majina ni Mama, na Mama yuko Ndalu. Goti lake halipandi gari siku hizi, na Wafula anaishi ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda. Kwa hivyo tuliamua Mama aite kwa video. Kutuma majina kwa ujumbe alikataa kabisa. Alisema lazima amwone mtoto usoni na mtoto asikie sauti yake. Nilishinda kwake siku nzima nikimfundisha kupokea video kwa simu niliyompa, na alielewa kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka uso.

Kulikuwa na sharti moja, nalo lilitoka kwa Wafula. Mama aite majina yote, ila la marehemu baba yetu, Wasike, aliruke. Wafula na Baba waligombana miaka sita iliyopita kwa sababu ya nyanya. Wafula alitaka kulima nyanya kwenye shamba la mahindi, Baba akamwambia mwanamume halimi mboga, wakarushiana maneno mazito na Wafula akavuka mto. Hawakuongea tena. Baba alipofariki mwaka jana, Wafula alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa, na jioni hiyohiyo akarudi kwake.

Mama alikubali sharti hilo bila kubisha, na kwa Mama hiyo si dalili nzuri. Nilipokuwa naondoka Ndalu aliniambia, "Mimi natamani tu Wasike arudi kwa nyumba. Lakini siwezi lazimisha mtu. Nitaita hao wengine."

Iliniuma. Nilijua hakuna jina jingine analolitaka.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Kitale. Kabla ya kupanda gari nilipitia kibandani kwangu karibu na soko. Nauza kava za simu, chaja na bando, na wasafiri huja niwawekee simu zao sawa. Nimeandaa simu za watu wanaokwenda Juba, Kigali, hata Doha, nikiwapa mawaidha kama mtu aliyezunguka dunia, na mwenyewe sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote. Nilibandika karatasi mlangoni: Nimesafiri nje ya nchi, nitarudi Jumanne. Ningeweza kuandika tu kwamba nitarudi Jumanne, lakini raha ingekuwa wapi?

Kisha nikanunua bando la ng'ambo la siku tatu na kuwasha roaming, ile ya simu kushika mtandao wa nchi nyingine, papo hapo, maana sikutaka kuhangaika na mambo ya simu mbele ya maofisa wa mpakani. Mteja mmoja aliniona, nikamweleza kwa sauti ya ualimu kwamba msafiri mzoefu hujiandaa mapema.

Saa saba mchana, Bungoma. Barabara ilikuwa nzuri na mahindi yalikuwa mabichi kote kuanzia Kiminini. Nililala kwa Everlyne, tuliyesoma naye, ambaye sasa ni karani katika ofisi moja mjini. Alinipokea kwa ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, nikala mpaka nikafungua kifungo. Tulipokuwa tunakunywa chai aliiona simu yangu mezani.

"Ati umewasha roaming na uko Bungoma?" aliuliza. "Zima bana. Utawasha ukivuka."

"Everlyne, hii ndiyo kazi yangu."

"Sijakataa. Lakini huko Lwakhakha si kama Kitale. Mimi nimeenda huko."

"Wewe unajua mafaili. Mimi wacha nijue simu."

Alicheka akaniongezea chai. Nataka ieleweke kwamba nilionywa, tena na rafiki, tena kwa upole.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Lwakhakha. Nilifika upande wetu wa mpaka nikiwa na njaa, na foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu kidogo. Niliingia hoteli iliyo kwenye mwinuko juu ya daraja, nikaagiza chai na mandazi mawili, nikaiweka simu mezani. Ng'ambo ya mto niliiona Uganda, migomba na mabati kama ya kwetu. Nilihisi nimekuwa mtu wa maana. Simu ilikuwa inalia ting, ting, ting bila kupumzika, na mimi nikafurahi kwamba nakumbukwa nyumbani.

Waliokuwa wananikumbuka ni kundi letu la WhatsApp la familia. Binamu zangu walikuwa wamesikia kuhusu ubatizo, na kila mmoja alikuwa anatuma video. Kulikuwa na kwaya, watoto wanaocheza, maua yanayofunguka na maneno ya baraka juu yake, kisha kwaya ileile tena. Simu yangu ilikuwa inazipakua zote yenyewe. Nilipomaliza andazi la pili uliingia ujumbe. Niliusoma mara mbili. Ulinikaribisha Uganda. Chini yake ulikuwapo mwingine wa kunijulisha kwamba bando langu la ng'ambo limekwisha.

Nilikuwa nimekaa Kenya. Nilikuwa nakunywa chai ya Kenya.

Mwendesha bodaboda aliyekuwa meza ya pili aliona uso wangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Pole, mama. Hiyo laini ya Uganda inavuka mto bila kuuliza mtu. Sisi hapa hatuwashangi roaming. Ukiwasha tu, simu inaenda huko, wewe unabaki."

"Si wangeandika mahali?"

"Waandike nini? Kila mtu anajua."

Nilijaribu kununua bando jingine, ikakataa, ikaniambia nijaribu baadaye. Nilijaribu baadaye mara saba. Mwishowe nilipanga foleni nikiwa nimenuna, nikaonyesha kitambulisho, nikapewa karatasi yangu ya kuvukia, nikavuka daraja kwa miguu. Safari yangu ya kwanza ng'ambo, na sikupiga hata picha moja.

Saa sita na nusu, kwa Wafula. Anaishi mlimani, mwendo wa bodaboda kutoka darajani, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na mashamba ya vitunguu. Nilimsikia mtoto kabla sijaiona nyumba. Mke wake Namono, ambaye ni wa hukohuko, alitoka na kitoto begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mulembe, senge," alisema, akaniita shangazi kwa lugha yetu, ambayo karibu ni sawa na yao. "Umekuja na Kukhu kwa simu?" aliuliza, akimaanisha bibi wa mtoto.

Ilibidi niseme ukweli. Nilisema haraka, nikiangalia vitunguu. Simu ya Namono ilikuwa kwa fundi Mbale. Ya Wafula ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, haijui video ni nini. Laini ya huko ingesajiliwa kwa wakala wa pale sokoni, na wakala alikuwa amefunga duka kwenda harusini mpaka Jumatatu. Wafula, aliyekuwa ametoka shambani, aliitazama simu mkononi mwangu.

"Si wewe ndio fundi wa hizi vitu?"

"Wafula, nyamaza."

Alicheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu aondoke nyumbani, na kwa muda huo mfupi niliona faida ya kudharauliwa.

Ni Namono aliyetuokoa. "Si tuende Kenya," alisema, akielekeza kidevu juu ya shamba. Nilidhani usingizi umemzidi. Kumbe kuna jiwe kubwa upande wa juu wa shamba la vitunguu, na ukisimama juu yake unaona mto na vilima vya upande wetu, na simu ya Kenya inashika bila roaming wala nini. Watu wote wa pale huliita Kenya. Mtu akitafutwa unasikia, "Ameenda Kenya, anarudi saa hii." Bando langu la kawaida la nyumbani lilikuwa halijaguswa. Nikazima roaming, tukapanda.

Saa nane mchana, juu ya jiwe. Vijiti viwili vya mtandao vilitokea, nikampigia Mama. Alipokea haraka. Tuliona paji la uso, kitambaa cha kichwa na mabati ya jikoni.

"Mama, shusha simu!"

"Nimeshusha!"

Tukaona mabati peke yake. Baada ya kuelekezana hivyo kwa muda tulipata jicho moja na nusu ya mdomo, tukaridhika. Namono alimpa Wafula mtoto amshike, kwa sababu baba ndiye anayepaswa kumshika. Nikaielekeza simu kwa mtoto. Mama alipomwona akaanza, kwa ile sauti yake ya kuita watu walio mbali shambani.

"Makokha!"

Mtoto akalia.

"Khaemba! Wewe ni Khaemba?"

Akalia zaidi. Mama akaita Kundu, akaita Namasaka, akarudi kwa Makokha kana kwamba mara ya kwanza hakusikika. Akaita ndugu za babu ambao hata mimi sikuwajua. Mtoto alikuwa amekuwa mwekundu na ngumi zake zinatetemeka. Wafula alimtikisatikisa huku anaangalia chini.

"Wameisha," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Hao ndio wote. Amebaki tu..."

Picha ikaganda. Jicho la Mama lilibaki wazi kwenye kioo, mdomo umeanza neno. Nikainua simu juu, nikazunguka jiwe, nikaita "Mama! Mama!" kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Vijiti vilikuwa vimepotea vyote, na nilitaka kulia pamoja na yule mtoto.

Nilipogeuka Wafula alikuwa amemwinua mwanawe karibu na uso wake.

"Wasike," alisema.

Alisema polepole, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa. Mtoto aliendelea kulia. Namono alinishika mkono.

"Wasike," akasema tena, safari hii kwa nguvu. "Baba, basi. Basi."

Mtoto akavuta pumzi mbili tatu za kwikwi, akaweka shavu kwenye shati la baba yake, akanyamaza. Unaweza kuniambia alikuwa amechoka tu, na sitabishana nawe. Najua nilichokiona. Wafula alisimama pale juu ya jiwe machozi yanamtoka wazi, hakuyafuta.

Mtandao ulirudi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi.

"Hallo? Hallo?" Mama alikuwa anauliza. "Mbona kimya?"

"Amenyamaza, Mama! Ni Wasike!"

Nikasikia akivuta pumzi, kisha ikakatika. Mvua ya mlimani ilikuwa imeanza, na Kenya haikushika tena siku hiyo.

Jumapili, kanisani. Mchungaji aliandika Joshua Wasike, na mwenye jina alilala ibada yote, hata maji yalipommwagikia. Jioni mvua ilikatika, nikapanda jiweni kumwandikia Mama jinsi ilivyokuwa. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikaona imekaa kama ujumbe wa kuagiza sukari, nikafuta, nikaamua nitamweleza uso kwa uso.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Lwakhakha. Yule wa bodaboda alinitambua akauliza kama simu yangu imerudi Kenya. Nikamwambia imerudi, nikanunua andazi, na mtu yeyote anayesafiri kupitia huko asikie kutoka kwangu sasa: roaming washa ukishavuka, si kabla. Zuia video zisijipakue, hasa kama una binamu. Na ukifika, kabla ya kutafuta laini, uliza wenyeji wanasimama wapi wakitaka kupiga simu. Everlyne nilimpigia nikiwa njiani kupitia Bungoma. Sikulazimika kumweleza mengi, alianza kucheka mwenyewe.

Saa tisa alasiri, Ndalu. Mama alikuwa amekaa nje ya jikoni anachambua maharagwe, goti limenyooshwa. Alinimiminia chai, akauliza mtoto anafanana na nani, akauliza Namono anakula vizuri. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Umefanya vizuri kunimalizia. Nilipokatika nilijua wewe senge yake utataja. Wafula amekasirika?"

"Si mimi nilitaja, Mama."

"Ni nani?"

"Ni Wafula."

Mkono wake ulibaki ndani ya maharagwe. "Wafula mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alimwinua hivi, akasema, Wasike. Mtoto akakataa kunyamaza. Akasema tena, Wasike. Baba, basi. Basi."

Mama aliuvuta ungo ukaanguka, maharagwe yakatawanyika uani na kuku wakaja mbio. Hakuna aliyewafukuza.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Ulisema alimwita Baba?"

"Alimwita Baba."

"Rudia tena, polepole."

Nikaweka kikombe chini, nikaanza tangu tulipopanda jiweni.