Stoo Kubwa ya Mzee Peterson

Peterson Mwaura alikuwa mzee wa kanisa letu pale Subukia kwa muda mrefu mpaka akaanza kuamini kanisa ni lake. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angalau hukupa kitu cha kuogopa. Peterson alikuwa mtu wa kujiona tu, na ukitafuta alichokuwa anajivunia hukipati: shamba la kahawa na mahindi kama la jirani yake, ng'ombe wa maziwa wachache, koti la suti lililomfunika mpaka vidole, na sauti nene aliyoitumia kusoma matangazo tuliyokuwa tumeshayasikia. Ng'ombe wenyewe walikamuliwa na mkewe, Wangare. Wangare na mimi tulikuwa tunapeleka maziwa pamoja kila asubuhi, na mengi ya haya alinieleza yeye tukiwa kwenye foleni, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha.

Kilichomtoa Peterson kanisani ni kuambiwa ahame kiti. Wazee wa kanisa walikuwa wakikaa mbele, wakitutazama sisi wengine, kwenye viti vya mbao vyenye mikono na mito myekundu. Alipoletwa mchungaji mpya, Pasta Wasike, mtu mpole aliyetoka upande wa Kitale, aliwaomba wazee washuke wakae na familia zao. Alisema anapenda kuona baba akiimba kando ya watoto wake. Wazee wengine walishuka wakaonekana hata wamefurahi, maana ile mito ilikuwa na joto. Peterson alijiona amevuliwa nguo hadharani. Jumapili iliyofuata alikaa mbele peke yake ibada nzima, akitutazama, mgongo umenyooka kama anayesubiri kupigwa picha. Hakuna aliyemwambia atoke. Nafikiri hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mali ya kanisa, kwa hivyo funguo zote zilikuwa kwake. Jumamosi moja, mchana kweupe, alikuja na Canter ya kukodi akapakia viti vyote vya plastiki, tenti, kinanda, spika mbili, jenereta, mimbari, na kile kiti chake chenye mikono. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikinunua chumvi. Nilimwona amesimama kando ya Canter, Biblia kwapani, akiwaelekeza wapakiaji kwa kidevu. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba kanisa la kweli linahama, na mali hufuata kanisa la kweli.

Kanisa la kweli lilikuwa watu tisa. Yeye na Wangare, ndugu zake wawili na wake zao, binamu yake Jeff aliyekuwa akipiga kinanda, na nyanya wawili ambao mpaka leo naamini walidhani wanapewa lifti ya kwenda Nakuru.

Peterson alikuwa na hakika kwamba tutamfuata. Alitarajia polisi, alitarajia ujumbe wa wazee, alitarajia kesi kortini, na alizungumzia hiyo kesi kwa hamu kama vile wengine wanavyozungumzia harusi. Kwa sababu hiyo alikataa kuweka vitu mahali popote Subukia. Alikuwa amesikia kwamba Nakuru, kule upande wa viwandani, kuna stoo za kukodi kwa mwezi, ambapo watu wanaohama au waliofunga biashara huweka vitu vyao mpaka wajipange. Canter ikapanda mlima, ikapita Bahati, ikateremka mjini.

Msimamizi wa zile stoo alikuwa mama mmoja anaitwa Chepkurui. Aliwatembeza akawaonyesha saizi tatu. Ndogo ilikuwa kama bafu la ploti ya wapangaji. Ya kati ilikuwa kama chumba kimoja cha kupanga, kile mtu anaweka kitanda na jiko na bado anapata pa kusimama. Ile kubwa, lori lingeweza kuingia kinyumenyume na mlango ukafungwa. Chepkurui alienda akachungulia ndani ya Canter, kisha akarudi.

"Mzee, hizo viti zinapandana?" aliuliza.

"Ni viti vya kanisa," Peterson alisema.

"Sawa. Nauliza kama zinapandana."

Wangare akajibu kwamba ndiyo, zinapandana. Basi Chepkurui akaeleza, taratibu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kueleza. Alisema watu wengi hukosea kwa sababu wanapima mzigo jinsi walivyouzoea nyumbani, umetawanyika kila pembe. Mzigo upimwe ukiwa umepangwa. Viti vikipandishwa mnara mzima unachukua nafasi ya kiti kimoja. Tenti ikikunjwa vizuri inalala kando ya ukuta, na vyuma vyake vinasimama nyuma yake. Uache kanjia ka kupita, na kile utakachohitaji mapema ukiweke karibu na mlango. Baada ya hapo nafasi yote inayobaki ni hewa, na hewa nayo inalipiwa. Kwa mzigo ule, alisema, ile ya kati ingetosha na kubaki.

Peterson alikuwa anamsikiliza huku akiangalia ile kubwa. Alisema atachukua kubwa.

Wangare alimwambia mbele ya huyo mama kwamba ya kati inatosha.

"Kanisa linakua," Peterson alisema.

"Tuko watu tisa."

"Linakua, Mama Wangechi."

Alimwita hivyo, kwa jina la binti yao, kila alipotaka mazungumzo yaishe. Wakapewa kubwa.

Walipomaliza kushusha, vitu vyote vilijaza kona moja. Kona moja tu. Sehemu nyingine ilikuwa sakafu ya simiti tupu, na mtu akikohoa, kikohozi kilizunguka kuta zote kikamrudia. Ndugu zake Peterson walisimama mikono kiunoni wakitazama ile sakafu, na mmoja wao akacheka kidogo. Peterson hakuweza kustahimili. Aliamuru minara ya viti ishushwe, kiti kimoja kimoja, vipangwe kwa mistari kutoka mlangoni mpaka mwisho, na mimbari isimamishwe mbele. Walifanya kazi hiyo mpaka jioni. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alikodi stoo iliyomzidi kwa ukubwa, kisha akawatoa watu jasho ili aijaze. Wangare anasema alikaa kwenye mojawapo ya vile viti, mstari wa nyuma, akamtazama mumewe akinyoosha mistari kwa mguu, na ndipo alipoanza kumchoka. Nilimwuliza kama ni siku hiyo kweli. Akasema hapana, kuchoka kulianza zamani, ila siku hiyo ndiyo aliyokubali.

Mlango ulifungwa kwa kufuli mbili. Baada ya wiki Peterson akanunua ya tatu. Funguo alizifunga kwenye kamba akazivaa shingoni, chini ya shati, na akawa anatembea Subukia kwa mwendo wa mtu anayefuatwa.

Hakuna aliyemfuata.

Nilikuwepo, kwa hivyo naweza kusema yaliyotokea upande wetu. Jumapili ya kwanza tulikuta kanisa tupu. Pasta Wasike aliangalia ndani, akatuangalia sisi, akasema tukae chini au tusimame, kila mtu kadiri goti lake linavyomruhusu. Jumapili ya pili watu walikuja na stuli za jikoni, wengine ndoo walizogeuza juu chini. Shule ya jirani ikatuazima mabenchi. Tuliimba bila kinanda, na kusema kweli tuliimba vizuri zaidi, kwa sababu Jeff alikuwa na tabia ya kutukimbiza. Katika kikao cha kanisa mtu mmoja alitaja polisi. Pasta akasema tuachane nayo, na jambo hilo likapita kabla chai haijapoa. Baadaye tukanunua viti vipya, vya buluu. Jina la Peterson halikutajwa kwa ubaya wala kwa wema. Mtu aliyekaa mbele yetu miaka yote hiyo aliondoka, na pengo lake lilikuwa pengo la viti tu.

Yeye huko alikuwa anangoja. Simu ikilia anatoka nje kuipokea. Mwishowe uvumilivu ulimwisha akamtuma Jeff aje ibadani akae nyuma, asikilize tunapanga nini, kisha akamweleze. Jeff alikuja. Alikaa nyuma ibada nzima. Baadaye tulimpa chai na mkate, akaulizwa habari za mama yake aliyekuwa amelazwa, na watu wakapanga kwenda kumwona. Jeff hakurudi tena kwa Peterson. Alimpigia simu tu akamwambia hakuna kinachopangwa.

Hapo ndipo Peterson alipoanza kufanya ibada ndani ya stoo. Nilienda mara moja, kwa sababu Wangare aliniomba nimsindikize, na pia kwa sababu nilitaka kuona. Sitakuficha kwamba nilienda kutazama mtu akijiaibisha. Tulikuwa sita. Mlango wa chuma ulikuwa umevutwa chini nusu, na joto la mabati lilitukaa kichwani. Tuliketi mbele, na nyuma yetu mistari na mistari ya viti vitupu. Peterson alikaa kwanza kwenye kile kiti chake chenye mikono, akatutazama kwa muda, halafu akasimama akasoma matangazo. Nilikuwa sijui ni matangazo gani mtu anaweza kuwa nayo kwa watu wachache hivyo, wengi wao jamaa zake, lakini aliyasoma. Kwenye stoo ya jirani kulikuwa na watu wanaburura friji sakafuni. Nyanya mmoja alilala. Peterson alihubiri juu ya Nuhu, kwamba walioingia safinani walikuwa wachache, na akaonekana kufurahishwa sana na huo uchache, kama vile ameuchagua.

Chepkurui alikuja katikati ya mahubiri, akainama chini ya mlango. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mama anayekuta watoto wamepika matope.

"Mzee, hapa tunaweka vitu," alisema. "Watu hatuweki."

Peterson akamwambia hii ni nyumba ya Bwana. Chepkurui akasema ni namba kumi na saba, na kwamba kama kuna mtu atafungiwa humu siku moja, atakayeulizwa ni yeye. Alisubiri pale mpaka tukatoka wote, nyanya akiamshwa. Kisha, Peterson akiwa anahangaika na kufuli zake tatu, Chepkurui alimgeukia Wangare akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ile ya kati bado iko wazi.

Baada ya hapo ndugu zake nao walianza kupata kazi nyingi Jumapili. Wale nyanya walirudi kwetu, mmoja akilalamika kwamba safari ilikuwa ndefu. Peterson alibaki na Wangare na stoo. Ndipo akatoa uamuzi ambao yeye aliuita msamaha. Alivaa lile koti, akaenda nyumbani kwa Pasta Wasike akamwambia yuko tayari kurudisha mali ya kanisa, na angependa siku ipangwe, watu wakusanyike, yeye aseme maneno machache.

Pasta alimkaribisha kiti. Kilikuwa kiti cha buluu, maana vichache vilikuwa vimewekwa pale kwake. Peterson akakataa kukaa. Pasta akamwambia kwa upole kwamba wanashukuru, lakini kwa kweli hawana pa kuviweka. Chumba cha nyuma kimejaa hivi vipya. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba kama mzee ana nafasi, akae navyo, na familia zenye msiba zikihitaji viti na tenti, awape bure. Wangare alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Anasema mumewe alifunga vifungo vya koti, akaaga. Alikuwa amejiandaa kukataliwa kwa matusi, na pia kupokewa kwa machozi. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba hakuna nafasi.

Walipofika nyumbani Wangare alimwambia maneno ambayo alinisimulia mimi kama yalivyo:

"Ulikodi nafasi ya watu ambao hawaji. Sasa leta hizo funguo."

Peterson alizitoa shingoni mwenyewe, akampa.

Kesho yake Wangare alikodi Canter, akaenda Nakuru na mimi. Tulipandisha viti juu ya vingine mpaka vikawa minara michache, tukakunja tenti, tukafunga vyuma kwa kamba ya katani. Chepkurui alitusaidia kusukuma jenereta. Vyote tulivileta Subukia, tukavipanga ndani ya ghala la mahindi lililo nyuma ya nyumba ya Peterson, kando ya magunia, na tulipomaliza bado kulikuwa na nafasi ya kuku kulala. Kile kiti chenye mikono tulikiweka juu kabisa, miguu ikitazama paa, kwa sababu hakikuwa kinapandana na kingine chochote.

Siku hizi mtu akifiwa upande wetu, anakuja kwa Wangare. Baba mkwe wangu alipoaga dunia mwaka jana, nilienda na shemeji zangu wawili na mkokoteni. Wangare alifungua ghala, akatupa pole, akatuuliza tunatarajia watu wangapi, akatuhesabia vya kutosha na kuongeza vichache kwa sababu mvua ilikuwa inatishia na watu wangekaa muda mrefu. Peterson alitoka nyumbani amevaa lile koti la suti, akasimama kando ya mkokoteni. Akatuambia kwa sauti yake nene kwamba viti ni vya plastiki, jua ni baya kwavyo, na virudishwe vikiwa vimeoshwa.

"Sawa, mzee," shemeji alisema, huku akifunga kamba.

Peterson akaendelea kueleza habari ya jua. Mimi nilikuwa namwuliza Wangare kama tenti ina vigingi vyote.