Ile "Hapana" ya Ainebyona

Mimi Evaresta mdomo wangu hauna breki, Nyakasimbi nzima inajua. Kwa hiyo msinihurumie, nisikilizeni tu.

Ainebyona ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe. Alipomaliza kidato cha sita akaingia kwenye bangi. Miaka miwili analala kwenye migomba, haogi, hasikii la mtu. Nilimfuata, nikamchapa, nikamwombea, hata sikumbuki nilianza na lipi. Mwaka 2016 akaokoka, akaacha kabisa. Tangu hapo kila Alhamisi kwenye ushirika wa kanisani alikuwa anasimama kutoa ushuhuda: nilivuta, Bwana akanitoa. Watu wanapiga makofi, na mimi nalia, kila wiki.

Akasomea utunzaji wa kumbukumbu, akapata kazi masjala ya ofisi moja ya serikali pale Kayanga. Mwaka jana mkuu wake akampendekeza ahamie masjala ya siri. Alikuwa akiitamani kazi hiyo jamani, mpaka akashona suruali mpya. Lakini huko huingii hivihivi, lazima ufanyiwe upekuzi, wakuchunguze maisha yako yote. Akaja na fomu yake ndefu, akaijazia mezani kwangu, akafika pale wanapouliza kama umewahi kutumia dawa za kulevya.

"Shangazi, hapa niandike nini?"

Nilikuwa namenya ndizi, wala sikuinua kichwa. "Hayo si yalishasamehewa? Yamefutwa. Andika hapana."

Akaandika.

Baada ya miezi miwili wakaja kwangu maofisa wawili wa upekuzi, wastaarabu kabisa. "Shikamoo mama." Nikawawekea kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Wakauliza tabia ya kijana. Waitu jamani, mimi niulizwe habari za Ainebyona ninyamaze? Nilitaka wajue Mungu amemtoa wapi. Nikawapa ushuhuda mzima, bangi, migomba, maombi, sikubakiza kitu. Mmoja akaacha kutafuna.

"Ilikuwa mwaka gani hiyo, mama?"

Nikamtajia kwa furaha, akaandika. Ile fomu hata haikunijia kichwani. Kwangu ushuhuda ulikuwa sifa, tena sifa kubwa kuliko zote alizonazo.

Ainebyona akaitwa. Wakamwambia kama angeiandika bangi yenyewe, wangeipima, maana ni ya zamani na ameacha. Kilichomwangusha ni kuficha. Anayeficha lake kwenye fomu hakabidhiwi siri za serikali. Wakamtaka aandike barua ya maelezo.

Alinisomea hiyo barua palepale mezani. Ilisema, "Niliandika hapana kwa uamuzi wangu mwenyewe. Sikushauriwa na mtu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Niseme futa hiyo, andika ni shangazi, mzee asiyejua fomu ni nini. Mimi nisiyeweza kunyamaza hata kwenye msiba wa watu, siku hiyo nilinyamaza. Niliogopa. Akakunja barua yake, akaniaga vizuri tu, akapanda bodaboda.

Bado yuko masjala ya kawaida. Bahasha za siri anazibeba mpaka kwenye mlango wa masjala ya siri, anagonga, anampa mwenzake, anarudi. Alhamisi anakaa benchi la nyuma na hasimami tena kutoa ushuhuda. Juzi mchungaji ameniuliza, "Mama Evaresta, kijana ana nini siku hizi?"

Nikamwambia sijui.