Masikio ya Bwana Harusi

Mwaka 1967 mimi Abrahman nilikuwa msanii. Nalisema mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekuwa akilisema. Kwa wale walionilipa mshahara, kazi yangu ilikuwa kupiga chapa magunia ya karafuu katika ghala moja la Malindi, mjini Unguja. Unaweka bati lililotobolewa herufi juu ya gunia, unapitisha brashi yenye rangi nyeusi, unahamia gunia la pili. Mbuzi angeiweza, ila tu hana mkono wa kushikia brashi.

Lakini nyumbani nilikuwa na sanduku la vitabu vya hadithi za picha, na hilo ndilo lililonitia majivuno. Niliachiwa na jirani yangu aliyehama kwa haraka baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Aliniambia nichague baina ya sanduku na kasuku wake, nami nikachagua sanduku, maana kasuku alikuwa keshajifunza kunicheka. Mlikuwamo vitabu vya Kihindi vyenye wafalme wa masharubu, vya Kitaliano vya picha za kamera ambamo wapenzi huanza kulia ukurasa wa kwanza, vya Kimarekani vya wapanda farasi wenye bastola, na vya Kiarabu ambavyo huanzia pale wengine wanapomalizia. Baadaye, Wachina walipokuja, nikapata na vijitabu vyao vidogo vya kuenea kiganjani, kila ukurasa picha moja na maneno chini yake. Maneno mengi sikuyaelewa na wala hayakunishughulisha. Picha moja ilinisukuma kwa nyingine mpaka nikafika mwisho nimeshacheka au nimeshalia.

Kazija alikuwa akikaa kwa shangazi yake, jirani yetu, akijifunza cherehani. Alikuwa akija kuviazima, na siku moja akanionyesha jambo ambalo mimi msanii sikuwa nimeliona.

"Tazama, huyu Mchina kofia yake ina kiraka toka mwanzo mpaka mwisho. Na huyu Mmarekani kofia haivui hata akilala. Mtu wa hadithi lazima ajulikane hata akikupa mgongo."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo toka tumboni mwa mama yake. Ukweli nilikuwa namtazama yeye. Nilimpenda mpaka usingizi ukanipotea, na sikutaka jambo jingine duniani ila kumuoa.

Mama yake, Bi Mwanakheir, alikuwa mjane wa Mkokotoni na hakunijua kabisa. Mjomba wangu Pandu, aliyenilea, akakubali kwenda kuniposea pamoja na rafiki yangu Miraji. Miraji alikuwa fundi saa. Sura yake sina haja ya kuieleza. Wanawake walikuwa wakimpelekea saa ambazo hazikuharibika.

Mimi nikaona maneno ya mjomba hayatatosha. Nikachukua karatasi kubwa nikachora visanduku sita vya maisha yangu yajayo: napiga chapa magunia, natoka msikitini, namuoa Kazija, namchukulia kikapu kutoka sokoni, nambembeleza mtoto wetu, na mwisho tunakwenda kumtembelea Bi Mwanakheir na mkungu wa ndizi.

"Posa haichorwi, Abrahman," mjomba akasema. Nikamhurumia kwa kutojua sanaa.

Sasa, masikio yangu. Mwenyezi Mungu hakunibania. Katika kisanduku cha kwanza niliyachora kwa uaminifu, yalivyo. Katika cha pili roho ikaniuma, nikayapunguza kidogo. Katika cha tatu nikayapunguza tena, nikainyoosha na pua. Nilipofika cha nne nikawa sijui tena mtu mzuri anafananaje, nikamwita Miraji akae mbele yangu niazime mabega yake tu. Baada ya mabega ikafuata shingo, baada ya shingo kidevu, na macho nayo yakaja yenyewe. Kazija nilimchora vilevile kila mahali, kwa sababu uso wake niliujua kwa moyo.

Anayeoa haendi kwenye posa yake, hilo hata mtoto analijua. Lakini nilitaka kuona kazi yangu inavyopokewa. Nikamsumbua mjomba mpaka akachoka, akaniruhusu niende kama mbeba sinia la halua.

"Ukifungua mdomo ukajulikana," akaniambia, "posa imekufa, na mimi siingii tena nyumba ile kwa aibu."

Basi tukafika Mkokotoni. Kazija alikuwa amekwisha kuitwa nyumbani, yuko ndani nyuma ya pazia. Nikakaa karibu na mlango na sinia langu mapajani. Mjomba akazungumza vizuri, kisha Miraji akamkabidhi Bi Mwanakheir karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikamsubiri alie kwa furaha.

"Mzee Pandu," akasema, "mnamposea wanaume wangapi?"

"Mmoja tu, Bi. Kijana wetu Abrahman."

"Basi hawa wengine ni nani? Mwanangu kaolewa na huyu, kenda sokoni na huyu, kazaa na huyu mwengine! Mnamtakia nini mtoto wangu?"

Mjomba akakohoa. Bi Mwanakheir akairudia karatasi, safari hii polepole.

"Huyu wa mwanzo nnamjua. Ndiye huyo hapo mlangoni, nnamtambua kwa masikio. Mtu wa magunia, leo kabeba sinia." Kidole kikaenda kwenye kisanduku cha mwisho, macho yakamwendea Miraji. "Na huyu aliyeniletea ndizi nshamuona. Kumbe bwana harusi kaja mwenyewe! Adabu haba, lakini sura nzuri. Mimi nnaridhika."

Na Miraji, rafiki yangu toka chuo cha Kurani, akaiweka kofia yake sawa.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye halua. Nikinyamaza, Kazija ni wa Miraji. Nikisema, posa imekufa. Nikaona bora ife.

"Bi..." nikaanza.

"Kijana, mbeba sinia hasemi posani." Akainuka na karatasi yake. "Nnakwenda kumuuliza mwenyewe."

Hapo nikaogopa kwelikweli. Mwari akiulizwa, kunyamaza kwake ndiko kukubali, na Kazija mbele ya mama yake alikuwa na haya za kupindukia. Nikatega yale masikio yangu yote. Nikamsikia Bi Mwanakheir akiuliza, kisha sikusikia kitu. Mjomba akatazama mkeka. Nikajua nimemchorea Miraji mke.

Bi Mwanakheir akatoka.

"Nshamuuliza. Hakutamka neno. Kaomba kipande cha mkaa."

Akaigeuza karatasi tuione. Kila mwanamume alikuwa ametiwa masikio, makubwa, meusi, yasiyo na huruma: anayetoka msikitini, wa harusini, wa sokoni, mpaka yule wa ndizi. Na mtoto mchanga naye kapewa yake.

"Kumbe ni mtu mmoja," akasema Bi Mwanakheir. Akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. "Weka sinia chini, mwanangu. Mkwe habebi."