Sharti Asilolikariri Mama Fridolin

Mwaka wa tisini na sita, mtu aliyekwenda kununua mchele kwa Wilhelmina sokoni Ifakara hakupimiwa kabla ya kusomewa masharti ya kusomea uinjinia. Kwanza, mtoto awe amemaliza kidato cha sita. Hapo Wilhelmina anachota mchele. Pili, awe amefaulu hisabati na fizikia kwelikweli, si kwa kuponea chupuchupu, na kemia nayo isiwe imemtupa mkono. Anachota tena. Akishapokelewa ni miaka minne, na likizo ndefu zikifika usimtegemee nyumbani, kwa sababu anapelekwa karakana na viwandani kufanya kazi kwa mikono yake, na asiyekwenda huko hapewi digrii hata akiwa na alama za malaika. Somo likimshinda, anarudia mtihani. Yakimshinda mengi, anafungasha. Mwisho kabisa anafanya mradi wake mwenyewe na kusimama mbele ya walimu kuutetea. Kisado kikijaa, mnunuzi aliyekuja na haraka zake alikuwa ameshajua kwamba Fridolin wa Wilhelmina amechaguliwa kusomea uinjinia wa umeme Dar es Salaam.

Wenzake sokoni wakamwita Mama Injinia, naye akaitika. Kwa nini asiitike? Mumewe alikufa mtoto akiwa bado anatambaa, na ada zote zilitoka kwenye mchele huo huo. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, lakini kukariri alijaliwa. Katekisimu aliijua kuanzia jalada hadi jalada, na padre alipowauliza watoto wa kipaimara, ni yeye aliyekuwa akinong'ona majibu kutoka benchi la nyuma. Masharti ya chuo aliyasikia kwa Fridolin mara moja tu, yakakaa.

Tena alikuwa na sababu ya kutangaza. Ukoo wao ulikuwa na aibu yake, na aibu hiyo iliitwa Dionisi.

Dionisi ni kaka yake wa tumbo moja. Mwaka wa sitini na sita alikuwa darasa la nne, na Wilhelmina darasa la pili. Mgeni mmoja wa Kizungu alileta penseli za rangi, mwalimu akawaambia watoto wachore bendera ya taifa. Nchi ilikuwa changa, na bendera ilikuwa kitu cha kusimamiwa wima. Dionisi alichora kwa utulivu, ulimi nje, mistari imenyooka. Kisha ile sehemu ya kijani, ya mashamba na misitu yetu, akaipaka rangi ya kahawia. Mwalimu alimsimamisha mbele ya shule nzima, akainua karatasi, akamwuliza swali moja tu: hii ndiyo bendera ya nchi yako? Dionisi akaitazama, akajibu kwamba ndiyo. Kwa jibu hilo alichapwa mpaka watoto wa madarasa ya chini wakaanza kulia. Aliambiwa aombe radhi, hakuomba. Baba yao akaitwa, naye akachapa cha kwake nyumbani, na kesho yake Dionisi akabeba jembe badala ya daftari. Darasani hakurudi tena.

Tangu hapo akawa mtu wa shamba, ng'ambo ya mto Lumemo, hata msimu wa mvua ambapo wenye akili zao wanahama. Mke alikuja akaondoka. Wilhelmina alimpelekea chumvi na sabuni, na kila alipompelekea hakukosa la kumwambia. Mwenye macho haambiwi tazama, ndilo alilolipenda zaidi. Dionisi hakuwahi kulijibu.

Methali hiyo hiyo ilimwangukia Fridolin pia. Likizo zake alizimalizia kwa mjomba, na wakati wa mavuno mama alipokwenda kukagua, alikuta mtoto amekata masuke mabichi pamoja na makavu, kayalaza pamoja kwenye fungu moja. Alimzaba kofi, maana mpunga mbichi unaharibu mchele wote. Ni mjomba aliyemfundisha namna ya kukwepa makofi. Chukua punje, uma. Ikilia, kata. Ikitoa maziwa, iache. Ungepita karibu na shamba lile ungewaona wawili hao wamesimama katikati ya mpunga, wanatafuna kama mbuzi, na Wilhelmina anatikisa kichwa kwamba ukaidi wa mjomba sasa umepata mwanafunzi.

Basi mwezi wa nane, kabla ya chuo kufunguliwa, Fridolin alitakiwa apimwe afya. Wilhelmina alivaa kitenge chake cha Pasaka na kumsindikiza hospitali, ingawa kijana alikuwa na ndevu. Daktari alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa Kiberege, na mama akafurahi kwamba anapimwa na mtu wa nyumbani. Kifua kizima, damu safi, masikio mazuri. Macho yalisoma herufi ndogo za mwisho ukutani, zile ambazo Wilhelmina mwenyewe aliziona kama sisimizi. Alikuwa ameshaanza kukusanya mkoba wake daktari alipofungua kitabu kidogo kilichojaa vidoadoa vya rangi.

"Unaona namba gani hapa?"

"Ishirini na moja," Fridolin alijibu bila kusita.

Wilhelmina alichungulia. Ilikuwa sabini na nne. Ilikuwa imesimama pale wazi, hata mtoto wa vidudu angeisoma. Alidhani mwanawe anataniana na daktari, akamkanyaga mguu chini ya meza. Daktari akafunua ukurasa mwingine. Mama aliona namba, kijana akasema hapa hakuna kitu, ni madoa tu. Ukurasa mwingine, hakuna kitu. Mwingine tena, hakuna. Wilhelmina alimtazama mwanawe usoni akitafuta kicheko, na hakukiona. Alimzaa huyu, akamwogesha, akala naye sahani moja miaka yote hiyo, na leo wamekaa bega kwa bega mbele ya karatasi moja na kila mmoja anaona chake.

Daktari alieleza taratibu. Macho ya Fridolin ni mazima na yanaona mbali, ila kijani, nyekundu na kahawia yanazichanganya. Ni hali ya kuzaliwa, haina dawa, haizidi wala haipungui. Lakini nyaya za umeme zinatambuliwa kwa rangi, na fomu ya chuo inasema wazi kwamba anayekwenda umeme lazima azitofautishe. Akaweka kidole juu ya mstari huo wa Kiingereza.

Wilhelmina alisema sharti hilo halimo. Akaanza kuyataja yote, kuanzia kidato cha sita, hisabati, fizikia, mpaka mradi wa mwisho, kwa sauti iliyokuwa ikipanda, na daktari akamwacha amalize. Yote yalikuwa kweli. Hilo moja lilikuwa kwenye fomu ya daktari, na fomu ya daktari hakuna aliyemsomea. Ndipo mama akaleta dawa aliyoijua.

"Daktari, tuazime hicho kitabu hadi kesho. Ukurasa wa kwanza sabini na nne, wa pili namba yake, wa tatu namba yake. Atakikariri chote, nami nitamsikiliza."

"Na nyaya, mama? Nazo atazikariri?"

Tangu shule ilipowapeleka kuona mitambo ya umeme ya Kidatu, Fridolin hakutaka kitu kingine, na sasa alikuwa akiitazama mikono yake kama iliyomsaliti. Daktari aliwahurumia. Alisema fomu ataijaza Jumatatu, wakafikiri kwanza. Uinjinia una milango mingi, na upande wa ujenzi sharti la rangi halipo. Mtu anaweza kuomba kuhamishwa kabla hajaripoti. Wakiwa wanainuka akamwuliza mama, kwa namna ya kupitisha maneno, kama ana kaka. Macho ya aina hiyo kijana huyapata kwa mama yake, alisema, hata kama mama anaona sawasawa, kwa hiyo mara nyingi katika nyumba kama hizo yupo mjomba mwenye hali hiyo hiyo.

"Ninaye mmoja," Wilhelmina alijibu. "Huyo ni mkaidi tu."

Walikuwa wameshafika mbali kwa baiskeli, yeye kwenye keria, Fridolin akikanyaga, walipopita mbele ya ofisi ya serikali. Bendera ilikuwa juu ya mlingoti wake. Wilhelmina aliitazama.

"Fridolin. Ile pembe ya juu ya bendera ni rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Unaiona?"

"Kila mtu anajua bendera ina kijani."

"Na shuleni ulikuwa ukiipaka vipi?"

"Penseli zina majina ubavuni," alisema. "Nilikuwa nasoma."

Wilhelmina akamwambia asimamishe baiskeli. Akashuka, akasimama pembeni ya barabara na kitenge chake cha Pasaka, vumbi likimpita. Penseli za yule Mzungu alizikumbuka vizuri. Zilikuwa nzuri, zinang'aa, na zilikuwa na maandishi ya kwao ambayo hata mwalimu hakuweza kuyasoma. Miaka thelathini. Alijisikia kama mtu aliyepigwa na kitu kizito kisha akaambiwa kwamba kitu hicho kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Kisha alimwambia kijana ageuze baiskeli waelekee Lumemo.

Walimkuta Dionisi bustanini ukingoni mwa mto, anachuma nyanya. Alikuwa akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, iliyolainika anaiweka kapuni, iliyo ngumu anaiacha. Wilhelmina alikuwa ameiona kazi hiyo mara nyingi na kuicheka. Safari hii alisimama akatazama kidole kile kikipita kwenye nyanya nyekundu zilizokuwa zikipiga kelele kwa wekundu, kikizipapasa kama gizani, na machozi yakamtoka kabla hajasalimia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Lakini Wilhelmina maneno hayakumtoka, yeye wa kukariri kurasa, ikabidi Fridolin aseme. Alieleza habari za kitabu, namba ishirini na moja, umeme uliompita. Kisha akasema, "Mjomba, daktari anasema macho haya ni ya kwenu. Tunaomba uje, naye akuone." Dionisi alisikiliza huku ameshika nyanya. Alisema yeye hana ugonjwa, anaona kunguru akiwa ng'ambo ya mto. Lakini alimpenda kijana yule, na hakuwahi kuombwa kitu na ukoo wake isipokuwa akae mbali. Jumatatu alivaa koti lililonuka moshi, akaja.

Daktari alimkalisha, akafungua ukurasa ule ule wa kwanza. Dionisi aliukazia macho kwa muda, akifikiri kwamba huenda kuna mtego, kama alivyodhani kila mara mtu aliyesoma alipomwonyesha karatasi.

"Ishirini na moja," alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja fimbo.

Fridolin akamshika mjomba wake bega, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita kijana akacheka. Wilhelmina peke yake, kwenye kiti cha pembeni, aliiona sabini na nne, na aliona aibu kuiona. Daktari alimweleza Dionisi yale yale aliyoyaeleza mwanzo, taratibu, kwamba amezaliwa hivyo na si kosa la mtu. Dionisi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Haikujulikana ameelewa kiasi gani.

Daktari alichukua kalamu, akamtazama mama. Wiki nzima Wilhelmina alikuwa na hotuba yake tayari, ya kuomba mstari ule uachwe wazi, yaani Mungu atajua mbele ya safari. Ilikuwa imempotea kabisa.

"Andika, daktari," alisema. "Andika kama alivyo."

Chuo baadaye kilimpokea Fridolin upande wa ujenzi, miaka minne ile ile na likizo zile zile za karakana, na kwenye masharti ya sokoni liliongezeka moja, la rangi, likawa ndilo la kwanza kutajwa. Lakini asubuhi ile hayo hayakujulikana bado. Fridolin alibaki ndani kuandika ombi lake la kuhamishwa, daktari akimsaidia maneno, na ndugu wawili wakakaa nje kwenye benchi la wagonjwa. Wilhelmina alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia kuomba msamaha. Dionisi ndiye aliyeanza.

"Mina, nikuulize. Bendera yangu ile, kosa lake lilikuwa nini?"

Wilhelmina alidhani hakusikia vizuri. Akamgeukia.

"Mwalimu hakusema," Dionisi aliendelea. "Baba naye hakusema. Waliuliza kama ndiyo bendera, nami niliona ndiyo. Nikajua basi ni mistari, mahali fulani haikunyooka. Huko shamba nimekuwa nikiichora chini na kijiti, natafuta ilipopinda."

Wilhelmina alimshika mkono, ule wenye kidole gumba kilichopauka kwa maji ya nyanya.

"Mistari ilikuwa imenyooka yote, kaka," alisema. "Pa kijani ulipaka kahawia."

Dionisi alitazama miti ya ua wa hospitali, ambayo sijui aliiona kwa rangi gani.

"Wangeniambia tu," alisema, "ningebadilisha."