Kitabu Kilichofunguka Palepale

Kitabu kile nilikinunua Emali siku ya soko, kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya gunia, karibu na wauza kamba za mbuzi. Jalada lilikuwa limetoka. Kilikuwa cha kuwafundisha wanawake kuipenda miili yao, kiungo kwa kiungo: sura ya miguu, sura ya tumbo, sura ya matiti. Kila sura ina mchoro wa mwanamke, na mwishoni unaambiwa ukipake kiungo hicho mafuta mbele ya kioo huku ukikishukuru. Nilicheka peke yangu pale sokoni. Kushukuru magoti, jamani.

Lakini nilikinunua. Tangu nikatwe titi la kushoto kwa saratani sikuwa nimejitazama hata siku moja. Daktari wa hospitali ya mji wa Wote alinipa tarehe ya kurudi kuangaliwa, ikapita, akanipa nyingine, nayo ikapita. Nilikuwa siwezi kuvua nguo mbele ya mtu. Na kwenye titi lililobaki nilikuwa nimegusa kitu kigumu kama punje ya ndengu, nikanyamaza nacho.

Mama yangu alikufa kwa kunyamaza hivyohivyo. Alijifunga leso kifuani hata jua likiwa la kupasua kichwa, na tulikuja kujua ana kidonda titini siku alipoanguka shambani, manesi wakamfungua leso. Nilimkasirikia sana. Siku ya mazishi nililia huku nikimgombeza, mpaka shangazi akanivuta pembeni. Halafu ona, mimi huyohuyo nikawa nashinda na leso mbili kifuani.

Nyumba yetu iko karibu na reli. Adhuhuri treni ya mizigo ikipita, vikombe hulia kabatini. Siku ya kwanza nilisoma sura ya miguu, nikakifunga kitabu mezani, nikaenda kupepeta maharagwe. Treni ikapita. Niliporudi kilikuwa wazi kwenye sura ya matiti. Nikakifunga. Kesho yake, palepale. Siku iliyofuata nikakiwekea pasi juu, ile nzito ya makaa, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi pasi ilikuwa kando, imesimama vizuri, na kitabu kiko wazi. Hakukuwa na upepo. Kuku wenyewe walikuwa wamenyamaza.

Mimi si mtu wa majini na mapepo, sina muda huo. Nilijiambia aliyekuwa na kitabu kabla yangu alizoea kusoma hapo, kikakatika mgongo, basi. Ndipo nikautazama mchoro. Titi moja la yule mwanamke lilikuwa limefutika, limesuguliwa na kidole gumba chenye mafuta, tena si mara moja. Lilikuwa la kushoto. Niliweka gumba langu juu ya ile alama na likaenea sawasawa, halikubaki hata ukingo. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Binti yangu wa pili nilimzaa mama akiwa ameshazikwa, na kwa desturi yetu Wakamba akachukua jina lake. Kwa hiyo namwita mwaitu, yaani mama yangu, naye huitika kama mtu mzima. Baba yake humwita mama mkwe na kumpisha mlangoni kwa heshima zote, tukacheka. Lakini tangu nikatwe, utani huo ulinigeukia. Nilikuwa namfungia mlango nikioga. Nitamvulia nguo vipi mama niliyemgombeza kaburini, ilhali naficha kilekile alichoficha? Mtoto ana miaka sita, na mimi namkimbia ndani ya nyumba yangu. Nilimuuliza kama ndiye aliyesogeza pasi. Akasema haigusi, ni nzito.

Siku moja mchana nilikaa kitandani baada ya kuoga, leso kifuani, kopo la mafuta mkononi, kitabu kiko wazi pale kinapotaka. Kioo nilikipa mgongo. Treni ikapita, na mlango ambao nina hakika niliufunga ukasukumwa taratibu. Mtoto akaingia. Alisimama mkono kiunoni.

"Geuka nikuone," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mama. Kila nilipotoka kuogeshwa kwenye karai, nikiwa mdogo, alisema hivyo, kwa sauti hiyohiyo ya kuvutavuta, ndipo anipake mafuta. Mimi sijawahi kumwambia mtoto wangu maneno hayo. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema hakuna, kisha akarudia polepole, kama mtu aliyezoea kungoja.

"Geuka nikuone. Mbona unanificha?"

Nikageuka. Nililia, na nilikuwa bado nina hasira naye, sijui yupi kati yao. Leso nilizifungua mwenyewe. Hakushtuka. Alichovya gumba kwenye mafuta, akapaka kovu mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, kisha akahamia titi la pili. Gumba likatembea, likasimama juu ya ile punje.

"Hapa pia," akasema.

Wiki hiyohiyo nilikwenda naye hospitali kule Wote. Nilivua kabla sijaambiwa. Daktari alipapasa, akarudia, akasema ni kidogo bado, ni vizuri nimekuja sasa, ningengoja zaidi ingekuwa habari nyingine. Akauliza ni nani aliyenisukuma, maana tarehe zake mwenyewe nilizikataa.

"Mama yangu," nikasema.

Akauliza kama nimekuja naye. Nikamwambia yuko hapo nje kwenye benchi, anakunywa soda.