Mpiga Pasi na Nyuzi Arobaini na Mbili

Mtaani walimwita Mnyoosho, naye akaitika. Kwa miaka thelathini na moja alisimama mbele ya meza ileile ya kupigia pasi, chumba cha nyuma cha duka la dobi, na hakuna kitambaa kilichowahi kumshinda. Umpe suruali iliyojikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, atakurudishia imenyooka hata nzi akitua anateleza. Joto hakulipima kwa kusoma namba. Alilowesha kidole kwa mate, akagusa pasi, akasikiliza. Ikitoa "tss!" kali, hiyo ni ya pamba. Ikitoa mlio wa kivivu, hiyo ya hariri. Isiposema kitu, bado, subiri.

Jambo la pili la kumjua ni kwamba alimpenda mkewe, Mama Pacha, ila ulimi wake ulikuwa mzito kwa mambo hayo. Kwa hiyo alimpigia pasi. Magauni, mashuka, mpaka soksi na vitambaa vya kufutia vyombo. Mama Pacha alikuwa akiwaambia wanawake wenzake, "Jamani mwenzenu nalalia mashuka makali, nikigeuka vibaya yatanikata."

Basi uvimbe ulipoota kwenye paja la Mama Pacha, na hospitali wakasema ni saratani ya nyama, Mnyoosho alihisi kama mtu aliyepewa kitambaa asichokijua. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Uvimbe umekaa vibaya, alisema, karibu na mshipa mkubwa. Ukiendelea hivi utaondoka na mguu mzima, kuanzia nyongani.

Lakini kulikuwa na daktari mwingine, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa na utafiti wake. Aliwakalisha wote wawili, akavuta kiti akae nao karibu.

"Mama, tunataka kulipasha joto paja lako, hapo penye uvimbe tu. Likifika nyuzi arobaini na mbili tunafungua dripu. Dawa yenyewe tumeifunga ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo mno, macho hayavioni. Vinazunguka na damu vikiwa vimefungwa. Vikipita mahali penye joto lile, vinafunguka, dawa inamwagika palepale."

"Kama samli," alisema Mama Pacha. "Kwenye baridi imeganda, ukiisogeza jikoni inalegea."

"Hivyo hivyo, mama. Na joto lenyewe linaidhoofisha saratani, dawa ikifika inaikuta imechoka."

Mnyoosho aliinua kidole kama mwanafunzi. "Daktari, umesema nyuzi ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mia na arobaini na mbili?"

"Arobaini na mbili, mzee. Ikizidi sana tutamuunguza."

Hapo ndipo kichwa cha Mnyoosho kilipoanza kuzunguka. Nailoni, kitambaa kioga kuliko vyote duniani, inataka zaidi ya mia. Pamba inataka mia mbili. Arobaini na mbili ni joto la chai iliyosahauliwa mezani! Kesho yake kazini alimsimulia mwanamke aliyefua naye, ambaye mikono yake ilishinda kwenye beseni tangu asubuhi.

"Arobaini na mbili?" mwenzake alicheka. "Hata doa la mchuzi halitoki kwa joto hilo, na nyie mnataka kutoa saratani!"

"Ndiyo hapo nami naposhangaa."

"Labda hukusikia vizuri. Una masikio ya mvuke wewe."

Alikuwa amesikia vizuri. Hakuelewa tu, na mtu asiyeelewa ndani ya fani yake mwenyewe huumia kuliko asiyeelewa fani ya watu. Maisha yake yote, mtoto akichemka homa, humkandi kwa maji ya vuguvugu ili ishuke? Leo homa imekuwa dawa? Na kama ni dawa, mbona kidogo hivyo?

Kati ya mara tano zilizopangwa, ya kwanza ilikwenda salama. Mama Pacha alilazwa kwenye kitanda cha mashine, wakamzungushia pajani mfuko mpana wa maji, wakampachika waya nyembamba za kupimia, akakaa saa nzima na zaidi. Mnyoosho aliona kitu kimoja tu, nacho hakikumtoka akilini: chumba kile kilikuwa na baridi ya kukausha mate, na mkewe aliingia akitetemeka.

Mara ya pili iliahirishwa, kwa kuwa damu yake ilikuwa imeshuka. Daktari akawaeleza bila kuwaficha: sheria ya utafiti inaruhusu kuahirisha mara moja tu. Ukikwama tena, unatolewa, unarudi kwa daktari wa upasuaji. Wote watatu walijua anachotaka kukata.

Sasa fikirini mnavyoweza kufikiri, lakini mfikiri kama mpiga pasi. Koti zito la sufu halipigwi pasi likiwa baridi. Ukilibandika pasi hivyo, juu litang'aa na ndani litabaki na mikunjo yake. Kwanza unalipitisha kwenye mvuke, lote, mpaka bitana ipate joto, ndipo unashughulika na mkunjo wenyewe. Mnyoosho aliwaza usiku na mchana, akaona kosa la madaktari liko wazi. Wanamwingiza mtu baridi! Ndiyo maana joto lao ni dogo, linapotea kupasha kwanza mwili wote. Akaamua kuwasaidia, kimyakimya, kama mtu mzima anavyowasaidia vijana bila kuwaaibisha.

Asubuhi ya siku waliyopangiwa upya alipiga pasi blanketi nene, upande huu na upande huu, akamzungushia mkewe likiwa la moto. Akampa chai inayofuka. Akamtia chupa ya maji ya moto kila kwapa. Ndani ya gari la jirani vioo vyote vilifungwa, jirani mwenyewe akiendesha huku anajipepea kwa gazeti.

"Baba Pacha, nimekuwa mkate?" aliuliza Mama Pacha, jasho likimtoka puani.

"Tulia, mke wangu. Kuna chumba cha baridi mbele."

Mlangoni mwa hospitali alizichomoa chupa, akazificha kwenye mfuko. Blanketi akaliacha. Nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alimwekea Mama Pacha kipimajoto kwapani. Kilipolia, akakisoma, akakifuta, akapima upya. Mnyoosho alisimama pembeni akitabasamu, akingoja sifa.

"Thelathini na nane na nukta moja," alisema nesi, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza tena. "Mama, una homa tangu lini?"

Tabasamu la Mnyoosho likakosa pa kwenda. Nesi alikuwa ameshashika simu. Dakika chache baadaye damu ilichotwa, chupa mbili, ikakimbizwa maabara. Wakamuuliza Mama Pacha kama anakohoa, kama anaumwa mkojo, kama ana kidonda. Akajibu hapana, hapana, hapana, macho yake ukutani.

Mnyoosho alitaka kusema. Lakini aseme nini? Labda ni homa kweli, na chupa zake hazikuhusika. Labda joto la pasi halikai mwilini muda wote huo. Na kama ni lake, si ndilo walilotaka? Mbona wanakasirika? Kila wazo alilolishika lilimponyoka kama sabuni kwenye maji, na kila alipoinama kuokota moja, aliacha jingine.

Daktari mwenye miwani akaja na faili. Akaketi, akavua miwani, akasugua macho.

"Mama, nasikitika. Mwenye homa siwezi kumpa dawa hii. Dawa inashusha kinga ya mwili, na kama kuna ugonjwa mwingine umejificha, utamuua kabla ya saratani. Nikiandika homa hapa, ni mara ya pili. Utafiti umekutoka mikononi." Akafungua kalamu.

"Ngoja!" Mnyoosho alijisikia akipiga kelele. "Daktari, subiri kwanza. Si mnataka arobaini na mbili? Sisi tumewaletea thelathini na nane. Zimebaki nne tu. Tumewapunguzia kazi!"

Daktari akamtazama polepole.

"Mzee, mmetuletea vipi?"

Basi akatoa yote. Koti la sufu, mvuke, blanketi, chai, akamalizia kwa kuzitoa chupa mbili mfukoni na kuzipanga mezani, bado vuguvugu, kama mwizi anayerudisha kuku. Nesi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Daktari hakucheka. "Sikiliza, mzee wangu. Koti unataka linyooke lote. Huyu sitaki anyooke wote. Nataka paja liwe la moto na sehemu nyingine zote zipoe, ili vifuko vifunguke pajani tu. Mashine yenyewe inaupandisha mwili wote kidogo. Akiingia ameshapanda, atazidi kupanda, na vifuko vitaanza kulegea kwenye moyo. Unajua dawa hii inafanya nini kwenye moyo?"

Mnyoosho hakujua. Ila uso wa daktari ulimtosha. Akakaa chini pasipo na kiti, nesi akamdaka na kumsogezea kimoja.

"Kwa hiyo baridi ya kile chumba..."

"Tumeiweka makusudi."

Akamgeukia mkewe. "Mama Pacha, na wewe ulikuwa unajua ni joto langu. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Niseme mume wangu amenioka?" Mama Pacha alifuta jasho kwa pembe ya blanketi. "Nilikuona unavyohangaika na ile pasi tangu alfajiri. Nikasema labda ametumwa na daktari. Halafu nesi aliposhtuka, nikasema labda ni homa kweli, nami sijui mwili wangu. Nimechanganyikiwa, Baba Pacha. Huu mwili siku hizi kila mtu anaujua kunizidi mimi."

Mnyoosho alilivua blanketi mabegani mwa mkewe, akalikunja, pembe kwa pembe.

Daktari aliirudisha kalamu mfukoni bila kuandika. Mashine ilikuwa yao hadi saa saba. Majibu ya damu yangekuja kabla ya saa tano. Wakamwacha Mama Pacha na gauni jepesi karibu na dirisha. Nesi akapima: thelathini na saba na nukta sita. Wakangoja. Sita tena. Mnyoosho alianza kumpepea kwa faili la hospitali mpaka akanyang'anywa. Nukta moja. Kisha thelathini na sita na nukta tisa, na maabara wakapiga simu kusema damu ni safi.

"Twende," alisema daktari.

Alipata dawa siku ile, kisha mara zote tatu zilizobaki. Baada ya picha ya mwisho, daktari aliwaonyesha uvimbe kwenye kioo cha kompyuta. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umenywea na kujitenga na mshipa, na katikati yake kulikuwa na weusi, akasema pale pamekufa.

"Nimeongea na mwenzangu wa upasuaji. Atatoa uvimbe. Mguu anauacha."

Mama Pacha alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Mnyoosho alijongea kwenye kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Sasa daktari, hapa ni joto lililofanya kazi, au ni dawa?"

"Kwa kweli, mzee, sijui bado. Kuna wagonjwa tunaowapa dawa bila joto, tutawalinganisha mwisho. Ndiyo maana ya utafiti."

"Hujui?"

"Sijui."

Mnyoosho akatikisa kichwa. Alipogeuka, kiti cha mkewe kilikuwa kitupu. Mama Pacha alikuwa ameshafika kwenye korido, anachechemea, mkono mmoja ukutani.

"Nyie bakini mkijuana na joto lenu!" alisema bila kugeuka. "Mimi natafuta choo."

Mnyoosho akachukua mkoba wa mkewe, akaomba radhi, akamkimbilia.