Unyasi kwenye Nywele za Mwalimu

Madaftari arobaini na moja yalikuwa mezani, na Mamosa alikuwa amesahihisha thelathini alipoweka kalamu chini. Uchovu alishauzoea. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha Darasa la Nne katika shule ile ile ya mawe juu ya mlima, na magoti yake yalilijua kila jiwe la njia. Kilichomsimamisha sasa ni kiatu.

Watoto walikuwa wamesoma hadithi ya mvulana aliyepotelewa na mbuzi kwenye ukungu, kisha wakatakiwa kuandika hadithi ile inawakumbusha nini katika maisha yao. Ili wasikwame, Mamosa aliwaandikia mfano ubaoni: inanikumbusha siku nilipopoteza kiatu changu mtoni. Basi watoto thelathini wote walikuwa wamepoteza kiatu mtoni. Hata Tumelo, ambaye hajavaa kiatu tangu azaliwe, alipoteza cha kulia.

Daftari la thelathini na moja lilikuwa la Limpho. Huyo hakupoteza kitu. Aliandika jina lake na tarehe, basi.

Limpho ndiye aliyemnyima raha mwaka mzima. Alisoma bila kukwama, ila akiulizwa neno lake mwenyewe alitulia kama maji ya mtungi. Asubuhi ile mwalimu mkuu, ambaye wote walimwita Ntate Khoabane, yaani Baba Khoabane, alimsimamisha Mamosa uwanjani.

"Mama, orodha ya wanaorudia darasa naifunga leo. Yule Limpho yumo."

"Anajua kusoma, ntate."

"Hata redio inajua kusoma. Mimi nataka nimsikie akisema kilichomwingia."

"Nipe mpaka kipindi cha mwisho."

"Na ulivyochoka hivyo?"

"Nimechoka, ndiyo. Nipe hivyo hivyo."

Kipindi cha mwisho kilipofika alirudisha madaftari, akasimama mbele ya Tumelo.

"Kiatu chako kilikuwa rangi gani?"

"Cheusi, mama."

"Nani alikununulia?"

Tumelo akakuna kichwa. "Wewe, mama. Pale ubaoni."

Darasa likacheka. Mamosa naye alitaka kucheka, akakosa nguvu. "Kwani nyinyi hamna ya kwenu? Mnaogopa nini?"

Wakatazamana. Mwishowe Nthati, mtoto asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Mama, jua bado liko juu."

"Sasa?"

"Ya kitabu ni ya kitabu. Lakini ukihadithia ya kwako mchana unaota pembe. Bibi yake Limpho amemkanya kabisa."

Limpho akainamia dawati.

Mamosa akaegemea ukuta. Miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuzifikiria pembe. Naye alilelewa na katazo lile lile. Chuo cha ualimu ndicho kilichomsahaulisha, akawa anawadai watoto hadithi mchana kweupe na kuwaita wazito. Akakumbuka pia jinsi bibi yake mwenyewe, mvua ikiwabana shambani na hadithi ikimwasha ulimi, alivyochomeka unyasi kwenye nywele, ili pembe zikija zikute mahali pana mwenyewe.

Akatoka nje, magoti yakilalamika, akang'oa nyasi kando ya ukuta. Aliporudi alichomeka unyasi mmoja juu ya sikio.

"Kile kiatu nilikitunga," akasema. "Ya kweli ni hii. Nilipokuwa kama nyinyi nilitumwa kumtafuta punda kwenye ukungu. Nikajificha nyuma ya jiwe, nikala mkate wangu wote, nikarudi nikasema nimetafuta mpaka basi. Punda akakutwa bondeni amekufa. Aliyechapwa ni kaka yangu, aliyekuwa mchunga punda, na mpaka leo sijamwambia."

Wote walimtazama kichwani.

"Zimeota?"

"Bado, mama," Nthati akasema. "Tusubiri kidogo."

Limpho akanyanyuka. Alikuja polepole, akachukua unyasi kwenye kiganja cha mwalimu, akauchomeka nyuma ya sikio na kuushikilia usianguke.

"Yule mvulana wa kitabuni alimwita mbuzi wake," akasema, macho sakafuni. "Mimi nilimwita kaka yangu. Alikuwa malishoni theluji ilipoanguka. Tulisimama mlangoni na bibi tukaita siku mbili, sauti yangu ikakatika. Alirudi, ila vidole vya mguu havikurudi vyote. Viatu havimkai tena." Akaongeza, "Ndiyo maana sikuandika kiatu."

Ntate Khoabane alikuwa mlangoni na orodha yake mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Akatazama kichwa cha mtoto, akatazama cha mwalimu.

"Hizo nyasi ni za somo gani?"

"La kusoma, ntate."

Akaiegemeza orodha kwenye fremu ya mlango, akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari juu ya jina moja. "Kaa chini, mwanangu," akamwambia Limpho, akaenda zake.

Mamosa naye alitaka kukaa. Lakini mikono ilikuwa imeshainuliwa darasa zima, na dirishani wawili walikuwa wananing'inia kuchuma nyasi. Kiti kilikuwa mbali. Akabaki ameegemea ukuta.

"Mmoja mmoja," akasema. "Na wewe Tumelo, bila kiatu."